Kazi Ilikuwa Chini

Gari likiondoka bila dereva halipigi kelele. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote adhuhuri ile ya mwaka 1989, Ngamiani, Tanga, nikiwa na miaka 14. Nilikuwa nimechuchumaa chini ya mkungu mbele ya gereji ya mjomba, naosha nati kwa dizeli ndani ya kopo la maziwa, nikaona kivuli kinanipita. Nikainua kichwa. Saluni ya rangi ya maziwa, ambayo asubuhi ile ile tulikuwa tumemkabidhi mwenyewe, ilikuwa inarudi nyuma polepole, milango imefungwa, ndani hamna mtu.

Mtaa wetu ulionekana tambarare. Mteremko wake yaliujua maji ya mvua tu, na gari nalo likaufuata kama maji. Ng'ambo ya barabara alikaa mama mmoja muuza mihogo, aliyekuwa akikaanga pale tangu kabla sijazaliwa. Dakika hiyo alikuwa ameinuka kwenda kuchota maji kwa jirani. Gari likapanda kigoda chake, likalipindua karai, mafuta ya moto yakamwagika mchangani yakichemka, kisha bampa ikagota ukutani. Ndipo sauti ya kwanza ikasikika.

Hakuumia mtu. Sentensi hiyo nimeirudia moyoni kwa miaka yote hii, na kila mara naona ilivyo nyembamba: unene wake ni ndoo moja ya maji.

Mwenye gari alitoka dukani mbio, betri za redio mkononi. Mjomba hakukimbia. Alivuka barabara, akafungua mlango, akaivuta hendibreki. Ikaja yote mpaka juu bila kukataa, kama mkono wa pampu ya kisima kilichokauka. Akaweka jiwe mbele ya tairi na jingine nyuma, akalala chali pale pale mchangani kando ya mafuta yaliyomwagika, akajivuta chini ya gari. Alipotoka alikuwa ameshika ncha ya waya uliokatika. Akaniita.

"Njoo uone, mjomba."

Kwetu pwani mjomba humwita mpwa wake mjomba, kwa hiyo jina hilo tulipeana wote wawili. Akaniwekea ncha ile kiganjani. Waya wa hendibreki si waya mmoja. Ni nyuzi nyingi nyembamba za chuma zilizosokotwa, na pale ulipokatika zilikuwa zimefumuka kama ncha ya kamba ya katani. Nyingi zilikuwa nyekundu mpaka kwenye mkato wenyewe. Tano ziling'aa.

"Hizi zenye kutu zilikatika zamani," alisema. "Hizi zinazong'aa zimekatika sasa hivi. Tangu asubuhi gari lile limeshikwa na nyuzi tano." Kisha akasema maneno ambayo nimeishi nayo: "Kazi ilikuwa chini. Mimi nikaifanya juu."

Asubuhi ile mteja alilalamika kwamba hendibreki inakuja juu mno. Chini ya kifuniko cha mpini wake mna nati ndogo. Ukiikaza, waya unajivuta, mpini unashika mapema, na mteja anaondoka ameridhika. Ni kazi ya dakika chache, tena umekaa kitini. Mjomba alijua kwamba mpini hauji juu bila sababu. Ama viatu vya breki vimelika, ama waya unarefuka kwa sababu nyuzi zake zinakatika moja moja. Aliwahi hata kuchungulia chini, akaona waya wa kushoto unapita kwenye kishikio kilichojificha kati ya tangi la mafuta na bati la bodi. Mkono wake haukuingia. Kushusha tangi ni kazi ya siku nzima, na mteja alikuwa na haraka. Akapanda juu, akakaza nati. Tena akamwambia mwenye gari: "Imepona." Kwa neno hilo yule bwana aliliacha gari lake bila hata kutia gia.

Hapa lazima nieleze inavyofanya kazi, maana wengi wanaovuta hendibreki kila siku hawajui kilichoko upande wa pili wa mkono wao. Mpini una meno na kidole cha chuma kinachodaka jino baada ya jino. Hiyo ndiyo ile milio unayoisikia. Mpini huvuta kipande cha chuma chini ya sakafu, ambacho mjomba alikiita mizani, na jina hilo linakifaa. Kutoka kwenye mizani nyaya mbili zinaachana, mmoja tairi la nyuma kushoto, mmoja kulia. Kazi ya mizani ni kugawa nguvu sawasawa hata kama waya mmoja umelegea kidogo. Lakini ukikatika mmoja kabisa, mizani inalala upande ule, na waya wa pili, hata uwe mpya, unakosa cha kuuvuta. Ndiyo maana gari lile lilikuwa na waya mzima wa kulia na bado likaondoka.

Mjomba alijifunza ufundi kwenye karakana za mashamba ya mkonge, kwenye Land Rover za zamani. Hendibreki ya Land Rover hizo haikuwa na siri. Dramu yake imekaa nyuma ya giaboksi, inakamata propela badala ya matairi, na kutoka kwenye mpini hadi kwenye dramu ni vyuma vitupu, unavifuata kwa macho kimoja baada ya kingine. Ina hatari yake, na alinionya nayo kabla hajaniruhusu kushika jeki: ukiinua tairi moja la nyuma la Land Rover ile ukitegemea hendibreki, difu italiacha tairi la hewani lizunguke na lile la chini nalo litembee, na gari litashuka kwenye jeki likufuate. Propela imekamatwa, lakini gari limeachiwa. Mawe kwanza, jeki baadaye.

Waya wa kwenye gari dogo ni jambo jingine. Ni uzao wa baiskeli. Ernest Monnington Bowden alipata hataza yake mwaka 1896, na wazo lake ni jepesi mpaka linashangaza: waya unaovutwa ndani ya ganda la chuma lililosokotwa kama springi. Ganda linasukuma huku waya unavuta, kwa hiyo nguvu inaweza kupita kwenye kona. Mjomba alinionyesha kwa baiskeli, na Tanga baiskeli si za kutafuta. Akaegesha mbili ukutani, moja ya zamani yenye breki za fito za chuma, nyingine ya waya. Ile ya fito unaona kila kiungo kinavyosogea. Ile ya waya unaona mwanzo na mwisho tu. Katikati kumefunikwa. "Kilichofunikwa," aliniambia, "usikisadiki mpaka ukiguse."

Ganda lile linalolinda waya ndilo pia linaloficha ugonjwa wake. Mpira wa mwisho ukipasuka, maji yanaingia, na kwetu kuna hewa ya chumvi. Chuma kinavimba kwa kutu ndani ya nafasi isiyokuwa na ziada hata ya unywele. Kwa nje waya ni mzima, mweusi, umenyooka. Ndani umekwisha.

Mjomba alimlipa yule mama karai, mafuta, na mihogo ya wiki nzima. Kigoda alikichonga mwenyewe. Baada ya Alasiri alimfuata mbele ya watu akamwomba radhi, naye akasema, "Mungu ndiye aliyeniita majini, fundi. Wewe tengeneza gari la watu." Mjomba akarudi gereji, akavua kanzu, akaanza upya.

Kazi ile ilitumalizia siku mbili. Spea wakati ule zilikuwa za kusaka. Tulipata waya kwenye gari lililokufa la aina ile ile huko Makorora, tukaung'oa pamoja na kishikio chake. Kabla ya kuufunga aliuning'iniza kwenye tawi la mkungu, akafunga faneli ya karatasi kwenye ncha ya juu, akaijaza mafuta mepesi, akauacha usiku kucha. Asubuhi mafuta yalikuwa yamedondoka upande wa chini, mekundu mwanzoni, kisha safi. Akanipa niuvute. Waya ulisogea ndani ya ganda bila kukwaruza hata mara moja. Akausukuma kurudi, ukarudi. "Kuvuta ni nusu," alisema. "Waya usiorudi ni mbaya kuliko uliokatika, maana utachoma breki huku unaendesha."

Halafu ukaja ule mwanya. Vidole vinne vilivyolala, hiyo ndiyo nafasi iliyokuwepo kati ya tangi na bati. Ndani yake, juu, pasipoonekana hata ukilala vipi, bolti moja ya spana ya kumi ilikuwa imekishika kishikio. Mkono wa mjomba uliishia kwenye kifundo. Akautazama wangu.

Hakunituma moja kwa moja. Alinikalisha kwenye benchi, akanipa kishikio cha gari lililokufa na kuniambia nifumbe macho. Nikakipapasa mpaka nikakijua: ukingo mkali huku, tundu la waya huku, kichwa cha bolti kimeinama kidogo kuelekea tangi. Alinifungulisha na kunifungisha bolti ile mara kumi nikiwa nimefumba. Spana aliyonipa aliikata katikati kwa msumeno na kulainisha mkato kwa tupa usinichane. Ndipo akaniruhusu kulala kwenye boksi chini ya gari, lililokuwa limekaa juu ya magogo manne ya mnazi, matairi yenyewe yamelazwa chini ya ubavu wake endapo gogo litasaliti.

"Usijaribu kutazama," sauti yake ilinijia kutoka pembeni, amelala kifudifudi mkabala nami. "Macho hayafiki huko, yatauhangaisha mkono bure. Tazama magurudumu ya baiskeli yanayopita barabarani. Mkono uache uende."

Nikatazama baiskeli. Mkono ukaenda. Kwanza tangi, laini na baridi. Kisha ukingo wa bati, mkali, nikaupita kwa mgongo wa kiganja. Kisha vumbi gumu kama ukoko wa wali. Kisha kishikio. Nilikijua mara moja, kama unavyoijua sauti ya mtu wa nyumbani gizani. Spana ikakaa. Nafasi ya kuizungusha ilikuwa ndogo kiasi kwamba kila msukumo uliihamisha bolti upana wa punje ya mchele, kisha niitoe spana, niigeuze, niitie tena. Mjomba alikuwa ameinyunyizia dizeli jioni iliyopita kwa kijiti kirefu. Hata hivyo ilikataa. Nilipoanza kutumia nguvu alisikia pumzi yangu imebadilika.

"Ikaze kidogo."

"Mjomba, tunaifungua."

"Ikaze kidogo, ndiyo utaifungua."

Nikaikaza. Ikakohoa, mlio mdogo mkavu niliousikia kwenye mfupa wa kidole kabla ya sikio. Kutu ilikuwa imeachia. Mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele zaidi. Vidole vilikufa ganzi, nikavitoa nikavisugua, nikavirudisha. Sikumbuki ilichukua muda gani. Nakumbuka adhana ya Adhuhuri ilikuta bolti imo ndani na ya Alasiri ikaikuta kiganjani mwangu, ya moto kwa joto la mkono wangu mwenyewe.

Upande wa tairi kazi ilikuwa na ujanja wake. Waya unapoingia kwenye sahani ya nyuma ya breki hushikwa na vimeno vya chuma vinavyojitanua baada ya kupita tundu, kama mbigili inavyong'ang'ania nguo. Ukivibinya kimoja kimoja kwa koleo, cha kwanza kinafunguka ukienda cha tatu. Mjomba alichukua spana ya ringi, ya kumi na mbili, akaivalisha kwenye ncha ya waya mpaka ikavibana vyote kwa pamoja, akaugonga mara moja. Ukatoka. Vumbi lililokuwa ndani ya dramu alikataza tusilipulize. Alilimwagia maji ya sabuni. Lainingi za breki za miaka ile nyingi zilikuwa na asbesto, na mafundi wengi wa rika lake waliopuliza kwa mdomo walikohoa uzeeni.

Kuna jambo ninataka kulisema kwa niaba ya mafundi, kwa sababu nimekaa pande zote mbili. Mteja hulipia anachokiona. Nati ya juu inaonekana inakazwa, mpini unashika pale pale, pesa inatoka mfukoni kwa furaha. Ukimwambia kwamba gari litalala siku mbili kwa ajili ya bolti moja ya ukubwa wa ukucha, anakuona mwizi au huijui kazi. Tunawasukuma mafundi wapande juu, kisha tunawalaumu gari likiondoka. Mjomba tangu siku ile alikuwa na waya ule uliokatika umening'inia kwenye msumari gereji, na kila aliyekuja na haraka alimwekea ile ncha kiganjani kama alivyoniwekea mimi. Wapo walioondoka. Waliobaki walisubiri.

Sikuwa fundi. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikapangiwa Lushoto. Anayetoka Tanga mjini hupita Muheza, Segera na Korogwe, na mpaka hapo gari lolote linatosha. Mombo ndipo barabara inapoanza kupanda ikishikilia ubavu wa mlima, kona baada ya kona, Soni, kisha Lushoto kwenyewe, juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Huko ni nadra kupata mahali pa kuegesha pasipo mteremko. Nyumba yetu ilikuwa ukingoni mwa barabara ya udongo iliyoinama kama paa.

Mwaka mmoja gari langu dogo lilikaa kwa mama Tanga masika yote, nami nikafanya kosa nililolijua: niliondoka nimevuta hendibreki. Niliporudi, mpini ulishuka, lakini tairi la kushoto halikuachiwa sawasawa. Kufika Muheza nikasikia harufu. Nikadondosha maji kwenye ringi, yakatoweka kwa mlio. Fundi wa barabarani alifungua kifuniko cha mpini akalegeza nati mpaka waya ukaning'inia. Tairi likazunguka huru. Nikamlipa, nikamshukuru, nikapanda mlima.

Nilijua kabisa alichokifanya. Alikuwa amefanya juu, nami nilimsimamia akifanya.

Kuanzia siku hiyo jiwe likawa hendibreki yetu. Lilikaa kwenye buti, zito, lenye upande mmoja bapa. Nikisimama, nakanyaga breki ya mguu, binti yangu anashuka, anaweka jiwe nyuma ya tairi, anapiga bodi makofi mawili, naachia. Tuliishi hivyo miezi minane. Akawa hodari. Wageni walimsifu.

Kisha jioni moja ya mvua, udongo umelowa, alishuka kama kawaida. Nikamtazama kwenye kioo. Nikamwona ameinama na jiwe lake, na ghafla nikaona nilichokuwa nakitazama kila siku bila kukiona: ili aweke jiwe lile, mwanangu alisimama mahali pale pale ambapo gari lingepita. Mguu wangu kwenye pedeli ulianza kutetemeka. Alipopiga makofi mawili sikuachia. Nilimwita aje mbele, nikazima injini, nikatia gia, nikakaa pale mpaka mguu ukatulia.

Jumamosi iliyofuata niliinua gari uani, pale petu palipo sawa, juu ya stendi nne na magogo. Nyaya mpya nilikuwa nimezinunua Tanga, ya kushoto na ya kulia, nikazilaza zote chini kando ya za zamani nilizoweza kufikia, maana urefu wake mara nyingi hutofautiana na ukizichanganya utajua umeshafunga kila kitu. Nikalegeza nati ya juu kabisa, nikafungua matairi. Dramu ya kushoto ilikuwa imegandamana; ina matundu mawili yenye hesi, nikatia bolti mbili za milimita 8, nikazikaza kwa zamu, ikajisukuma yenyewe ikatoka. Viatu vilikuwa vimeng'aa kama kioo kwa joto. Hilo nililitarajia. Nikafuata waya kwenda mbele, juu ya mkono wa ekseli, mpaka ulipoingia pembeni mwa tangi.

Mkono wangu uliishia kwenye kifundo.

Binti yangu, miaka 13 wakati huo, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni anamenya viazi. "Baba, nipishe," alisema. Kazi hii haikuhitaji alale chini ya gari. Tairi likiwa limetoka, mkono ulipita kwenye upinde wa bodi akiwa amepiga magoti nje. Hata hivyo nilitikisa gari kwa nguvu zangu zote, pande zote nne, kabla ya kumruhusu asogee.

Na hapo nikagundua kwamba sina maneno. Mkono wangu ulijua kila kitu kuhusu kishikio kile; mdomo haukujua hata kimoja. Nilisema "pale juu, nyuma ya kile kitu," naye akauliza kitu gani, nikasema "utakiona," naye hakukiona. Nilikasirika, si kwa ajili yake. Mjomba hakuwahi kuniambia "kile kitu". Alijua nitasikia nini kwanza na nini baadaye, na lazima alilala macho usiku ule akiyatafuta maneno yale, yeye ambaye hakupita darasa la nne.

Nikaacha. Nikaenda ndani nikachukua kishikio cha upande wa kulia, nilichokwisha kukifungua, na kanga ya mama yake. Nikakifunika kwa kanga mapajani mwake. "Kipapase, mama. Halafu wewe ndiye uniambie."

Akakipapasa muda mrefu. "Kina mdomo," alisema. "Kina kidole gumba. Hapa pana tundu kama la sindano kubwa."

Tukatumia maneno yake. Mkono ukaingia. Alitazama migomba ya jirani na kunisomea: baridi, baridi, ukingo, udongo, mdomo. Kisha akanyamaza.

"Baba, hapa pana kitu kama mkate uliolowa."

Ulikuwa mpira wa waya, umepasuka na kushindiliwa tope. Ndipo yalipopitia maji.

"Na kidole gumba hakina bolti. Pamefungwa waya mwembamba, umesokotwa."

Nilikaa chini. Kabla yangu, kabla ya yule wa Muheza, mtu mwingine alifika mpaka pale, bolti ikamkatikia, akafunga kwa waya wa kufungia nondo. Kwa hiyo ganda halikuwa na pa kusukumia. Ganda lisiposimama imara, nguvu ya mpini inaishia kulitikisa tu. Hata kama ningebadilisha waya wenyewe nikaacha kile kishikio kinacheza, ningerudi kwenye jiwe ndani ya mwezi. Hakuna jicho ambalo lingeliona hilo. Vidole vya binti yangu viliona.

Alikata ule waya kwa koleo dogo, mkato mmoja kwa pumzi moja. Kisiki cha bolti nilikitoboa kwa njia ndefu ambayo sitaieleza hapa. Ilikula Jumapili yote. Kilichobaki kilikuwa raha. Tulipitisha waya mpya njia ile ile ya zamani, mbali na bomba la moshi, bila kuusokota. Tulisugua dramu kwa msasa, tukavalisha viatu vipya. Kisha nikamweleza kanuni ambayo mafundi wengi wanaigeuza: viatu kwanza, waya baadaye. Unazungusha kigurudumu chenye meno ndani ya breki mpaka dramu ikamate, unakirudisha nyuma mpaka izunguke huru, unakanyaga pedeli mara kadhaa vijikalishe. Hapo tu ndipo unapogusa nati ya juu, tena kidogo. Nati ile ni ya kumalizia.

Alivuta mpini mwenyewe, akihesabu kwa sauti. Saba. Akaushusha, akazungusha matairi mawili kwa mkono, yakazunguka. Akavuta tena, akajaribu kuyazungusha, akaning'inia nayo kwa uzito wake wote.

Jioni tulilipeleka barabarani, pale palipoinama kama paa. Nilisimama, nikavuta, saba. Nikatoa gia. Nikausikia mlango wa upande wa pili unafunguka, na kwenye kioo nikamwona tayari anazunguka kuelekea nyuma, jiwe mikononi.

"Toka huko nyuma," nilimwambia. "Njoo mbele, mama. Tuliangalie tukiwa huku."

Akaja na jiwe lake. Nikainua mguu taratibu kwenye pedeli, nikashuka, tukasimama mbele ya taa. Gari likarudi nyuma kama upana wa kidole, likijiweka sawa, likatulia. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka msituni. Mama mmoja mwenye kikapu cha matunda kichwani alipita nyuma ya gari akipanda kwake, akatusalimia, tukamwitikia, naye akaendelea na safari yake.